Kuongea na mnara ukiruka kwa macho: mwongozo wa rubani binafsi, kwa safari ya Dar hadi Unguja

Ukimuuliza rubani mpya ni kitu gani kinamkausha koo, mara nyingi hatataja upepo wa ubavuni wala injini. Atataja redio. Nimewaona wanafunzi wanaotua kwa ulaini hata abiria asijue gurudumu limegusa saa ngapi, lakini wakibonyeza kitufe cha kusemea ulimi unakuwa mzito na namba ya ndege yao wenyewe inawapotea.

Hofu hiyo huzaa kosa moja, na kosa hilo huzaa mengine yote: rubani anaanza kukubali tu. Anakubali asilolisikia vizuri, anakubali asiloliona, anakubali asiloliweza, ilimradi mazungumzo yaishe na mwongoza ndege aliye mnarani ahamie kwa mwingine. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa chini ni namna ya kujizuia usikubali hivyo.

Tuichukue safari moja tuifuate mwanzo hadi mwisho. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, namba yake ya mfano 5H-ABC, watu wawili ndani, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere kwenda Abeid Amani Karume, Unguja. Ni kama maili 39 za baharini, karibu kaskazini moja kwa moja, na hewani hutamaliza nusu saa. Ni safari fupi, lakini anga yake haina upweke: Karavani, yaani ndege ndogo za Cessna Caravan za abiria na watalii, zinapishana kutwa, ATR, ndege za abiria za mapangaboi mawili, zinakuja na kwenda, na madege makubwa ya kimataifa yanashuka kwenye njia hizo hizo. Ukiweza kuongea vizuri hapa, Arusha au Mwanza hapatakutisha.

Kwanza jua nani anabeba nini

Anayeruka kwa kanuni za kuona, zile tunazoziita VFR, hajamkabidhi mtu macho yake. Mwongoza ndege anapanga foleni, anatoa vibali, anakuambia nani yuko wapi. Kukwepa wingu, mlima, mnyororo wa mvua na ndege nyingine unayoweza kuiona ni kazi yako wewe uliyeshika usukani.

Kiasi cha msaada kinategemea daraja la anga. Kwenye daraja C mwongoza ndege anakutenganisha na wale wanaoruka kwa vyombo, na anakupa taarifa tu za wenzako wanaoruka kwa macho. Kwenye daraja D hakutenganishi na yeyote: anakupa taarifa, basi. Kwenye daraja G huhitaji kibali, na huwezi kusema ulilindwa na mtu. Daraja A, kwa macho, huingii. Kwa hiyo kabla ya safari fungua ramani na kitabu cha AIP cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uangalie kila kipande cha njia yako kiko daraja gani na kimo gani linabadilika. Rubani anayedhani rada inamlinda, kumbe yuko D, ameshaacha kuangalia nje bila kujua.

Kazi ya mezani

Mazungumzo mazuri ya redio hufanyika nusu yake chini, kalamu mkononi. Kwenye ubao wa pajani andika masafa yote kwa mpangilio utakaoyatumia: matangazo ya hali ya hewa ya uwanja kama yapo, mnara, udhibiti wa anga ya karibu, mnara wa Unguja, na masafa ya dharura 121.5 pembeni. Yachukue kwenye AIP ya sasa na uyapitishe kwenye NOTAM, yaani matangazo ya mabadiliko kwa marubani. Usiyachukue kwenye karatasi ya mwenzako ya mwaka juzi.

Mpango wa safari uwasilishe angalau dakika 60 kabla ya kuondoka. Muda unaandikwa kwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima, na hapa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe, maana vichwani mwetu tuna saa tatu kwa wakati mmoja: ya Kiswahili, ya Afrika Mashariki na ya UTC. Njia ninayoitumia ni rahisi. Chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza tatu, umepata UTC. Saa mbili asubuhi ni 0500. Saa nane mchana ni 1100. Inatosha, na haijawahi kunidanganya.

Halafu angalia anga lenyewe. Chini ya futi 10,000 kwenye anga inayodhibitiwa unahitaji kuona kilomita 5, na kukaa mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavu na futi 1,000 kwa kwenda juu au chini. Wakati wa masika asubuhi inaweza kuanza safi, na saa mbili baadaye ukuta wa mvua umesimama juu ya mkondo wa bahari kati ya Dar na Unguja. Amua ukiwa mezani: nikikuta mvua katikati, nitaomba nini? Kugeuka wapi? Kurudi? Ukiwa na jibu tayari, maneno yatakuja.

Jambo la mwisho la mezani ni upepo, na pwani yetu imetupa kalenda yake. Kaskazi ikivuma, tarajia njia ya kurukia namba 05 Dar na 36 Unguja. Kusi likivuma, tarajia 23 Dar na 18 Unguja. Haitakuwa hivyo kila siku, lakini ukichora pande zote mbili kwenye karatasi, na mshale wa namna utakavyoingia kwenye mzunguko wa kutua, maelekezo ya mnara yatakukuta tayari una picha kichwani.

Wito wa kwanza

Washa redio, kisha nyamaza. Sikiliza dakika nzima kabla ya kusema chochote. Utajua njia ipi inatumika, nani anatua, mwongoza ndege anakwenda kwa kasi gani. Zaidi ya yote utajua lini kuna nafasi. Wawili wakibonyeza pamoja hasikiki yeyote, kunabaki mlio tu.

Kisha panga maneno kichwani, bonyeza, ngoja nusu sekunde ili neno la kwanza lisikatwe, ndipo useme. Mpangilio haubadiliki: unamwita nani, wewe nani, uko wapi, unataka nini. Herufi za namba ya ndege hutamkwa kwa maneno: H ni “Hotel”, A ni “Alpha”, B ni “Bravo”, C ni “Charlie”.

“Dar Tower, Five Hotel Alpha Bravo Charlie.”

Akishaitika:

“Alpha Bravo Charlie, Cessna one seven two, main apron, VFR to Zanzibar, two on board, request taxi.” Yaani niko maegesho makuu, naruka kwa macho kwenda Zanzibar, tuko wawili, naomba kutembea kuelekea njia ya kurukia.

Jina kamili la ndege litumie mpaka yeye mwongoza ndege alifupishe. Akikuita kwa kifupi, nawe jiite kwa kifupi hicho hicho. Hapo juu nimejifupisha mwenyewe makusudi, ili uone kosa jinsi linavyopita bila kuonekana. Kama angani kuna 5H-ABC na 5H-ABG, ufupi uliojichukulia mwenyewe unaweza kuchukua kibali cha mwenzako. Sahihi ni kurudia “Five Hotel Alpha Bravo Charlie” yote.

Namba nazo zina matamshi yake: tatu ni “tree”, tano ni “fife”, tisa ni “niner”, na zinasemwa moja moja. Sisi ambao lugha zetu za nyumbani huchanganya r na l tujichunge kwenye “left” na “right”. Taja neno polepole, na kama umesikia kitu usichokiamini, uliza.

Swali linaloulizwa sana: je, si tuongee Kiswahili tu? Kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya kituo cha ardhini au Kiingereza. Salamu na asante utazisikia kwa Kiswahili kila siku, na ni jambo zuri, linalegeza mabega ya pande zote mbili. Lakini kibali kiwe kwa Kiingereza. Yule rubani wa ndege kubwa kutoka ng'ambo anajenga picha ya anga kwa kutusikiliza sisi. Mkikubaliana kwa Kiswahili kwamba wewe unakatiza mbele yake, yeye hajui.

Kurudia, na neno linaloitwa roger

Kuna maelekezo ambayo lazima uyarudie kama yalivyo: kibali cha njia ya safari, chochote kinachohusu njia ya kurukia, yaani kuingia, kuvuka, kusubiri kabla yake, kurudi nyuma juu yake, kuruka na kutua, kisha njia inayotumika, QNH, yaani shinikizo la hewa unaloliweka kwenye altimita ili isome kimo sawasawa, namba ya transponda, kile kifaa kinachokutambulisha kwenye rada, kimo, uelekeo na mwendo. Mwongoza ndege naye anasikiliza jibu lako alinganishe na alichosema. Huo ndio wavu. Usiporudia, umeukata.

“Roger” maana yake nimekusikia. Haisemi umesikia nini. “Wilco” maana yake nimeelewa na nitafanya. Hakuna hata moja linaloweza kushika nafasi ya kurudia.

Nilijifunza hilo nikiwa mwanafunzi, peke yangu ndani ya ndege, kwenye kiwanja ambacho sitakitaja. Nilikuwa kwenye kiungio nikielekea njia ya kurukia, kichwa kimejaa orodha ya ukaguzi. Mnara ukaniambia “hold short”, yaani simama kabla ya njia. Nikajibu “Roger”. Kichwani mwangu nilikuwa nimesikia nilichokitarajia, “line up”, ingia ukae tayari, kwa sababu mara tatu zilizotangulia siku ile niliambiwa hivyo. Gurudumu la mbele lilikuwa limebakiza urefu wa gari moja kufika mstari wa manjano pale sauti iliporudi, polepole, bila ukali: “Read back hold short.” Nikakanyaga breki. Nilipoinua macho, Karavani ilikuwa imeshavuka uzio, taa zake zimewaka, na sekunde chache baadaye ikapita mbele ya pua yangu. Mwongoza ndege yule hakuniambia neno lingine. Alinipa tu kibali changu, na mara ile nikarudia kila silabi.

Kwa QNH fanya vivyo hivyo. “One zero zero niner” na “one zero one niner” zinafanana masikioni, lakini tofauti yake ni hektopaskali 10, karibu futi 300. Ukiweka ile ya juu wakati ya kweli ni ya chini, altimita itakudanganya uko juu kuliko ulivyo.

Namba ya transponda nayo irudie, kisha iweke taratibu. Unapozungusha vitufe usipite kwenye 7500, 7600 au 7700, maana kila moja inapiga kengele ya aina yake.

Neno “take-off” lichunge sana. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia ndani ya ukungu, watu 583 wakafa. Rubani wa KLM alikuwa amepewa maelekezo ya safari baada ya kuruka, si kibali cha kuruka. Jibu lao kwamba wako kwenye “takeoff” likaeleweka vingine mnarani, na maneno ambayo yangewazuia yalifunikwa na mlio wa redio mbili kubonyezwa pamoja. Tangu hapo neno hilo hutumika wakati kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa tu. Wewe ukiwa tayari sema “ready for departure”. Mpaka usikie “cleared for take-off” na jina la ndege yako mbele yake, hakuna kuruka.

Kuna kibali kimoja kigumu kuliko vyote, chenye sharti ndani yake: “Behind the landing Caravan, line up and wait behind.” Maana yake subiri Karavani inayotua ipite, kisha ingia nyuma yake. Usikikubali mpaka umeiona Karavani yenyewe, na uwe na hakika ndiyo inayosemwa. Zikiwa mbili kwenye mstari wa kutua, na wewe umeiona moja, sema hivyo. Unaporudia, litaje sharti mwanzo na mwisho kama alivyolitaja yeye.

Juu ya bahari: saa, mawingu na neno unable

Umeruka, umegeukia kaskazini, Bongoyo na Mbudya zinapita kulia. Mnara unakupeleka masafa mengine. Rudia masafa, badilisha, sikiliza kwanza, ita. Ukikosa jibu baada ya mara mbili rudi ulikotoka useme. Usikae kimya ukitumaini.

Zaidi ya futi 3,000, kwa mwelekeo wa sumaku kati ya digrii 000 na 179, kimo cha wanaoruka kwa macho ni elfu isiyogawanyika kwa mbili pamoja na 500, yaani 3,500 au 5,500. Kurudi Dar utachukua 4,500 au 6,500. Ndani ya anga inayodhibitiwa mwongoza ndege anaweza kukupa kimo kingine. Hapa nina maoni yangu: Cessna 172 injini ikizima inateleza kama maili moja na nusu kwa kila futi 1,000. Ukipewa futi 1,500 katikati ya mkondo, huwezi kufika nchi kavu ya upande wowote. Omba kimo zaidi. Akikataa kwa sababu ya msongamano umejua, na maboya ya kuokolea yawe yamevaliwa, si yamekunjwa nyuma ya kiti.

Sasa taarifa za ndege nyingine. “Traffic, two o'clock, five miles, opposite direction, Caravan.” Yaani kuna Karavani maili tano, upande wa mbili kwenye uso wa saa, inakuja kinyume na wewe. Hapa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tunaweza kupotea kwa sekunde ambazo hatuna. Usitafsiri. Kichwani mwetu “two o'clock” ni saa nane, na ukianza kuitafuta nane kwenye uso wa saa utageuza shingo nyuma kushoto wakati ndege iko mbele kulia. Soma uso wa saa kama picha: kumi na mbili iko puani, tatu iko kwenye bawa la kulia, sita mkiani, tisa bawa la kushoto.

Na jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mwongoza ndege mwenye rada haoni pua yako imeelekea wapi. Anaona unakokwenda. Upepo ukivuma kutoka kulia, pua yako imeinamia kulia ili ubaki kwenye njia, kwa hiyo ndege aliyokuambia iko kumi na mbili utaikuta kushoto kidogo ya pua. Tanua utafutaji upande huo.

Kama umeiona, sema “traffic in sight”. Kama hujaiona, sema “looking out”, au “negative contact”. Usiseme umeiona kwa sababu unaona aibu. Ukishasema umeiona, mwongoza ndege anaweza kukukabidhi jukumu la kuikwepa na kugeukia ndege nyingine. Umempa habari ya uongo, naye anajenga juu yake. Na kama ulikuwa umeiona ikapotea kwenye mawingu, mwambie papo hapo.

Kisha linakuja neno ambalo ningependa kila mwanafunzi alitamke mara mia chini kabla hajaruka peke yake: “unable”. Siwezi. Mwongoza ndege anakuambia geuka kulia uelekeo 030. Anaona nukta kwenye kioo, haoni lile wingu jeusi lililo mbele ya 030. Wewe unaliona. Jibu ni fupi: “Unable due cloud, request heading three four zero.” Umesema huwezi, umesema kwa nini, umesema unachoweza. Hatakasirika. Akilazimika kukunyima 340 atakupa kitu cha tatu. Rubani anayeruka kwa macho akiingia winguni kwa sababu aliagizwa, hasaidiwi na agizo lile. Kibali si amri ya kijeshi, na mkubwa wa ndege ni wewe.

Maneno mengine mawili ya kukuokoa ni “say again”, yaani rudia, na “stand by”, yaani nisubiri. Mwongoza ndege akikuuliza swali wakati unapambana na ndege, sema “stand by” ufanye kazi yako. Naye akikuambia “stand by” hajakukubalia wala kukukatalia. Kaa nje ya mpaka wa anga yake mpaka akupe kibali wazi.

Kuingia Unguja

Ita mapema, hali ya hewa ukiwa umeshaisikiliza. “Zanzibar Tower, Five Hotel Alpha Bravo Charlie, Cessna one seven two, one five miles south, three thousand five hundred feet, VFR from Dar, inbound for landing.” Umbali, upande, kimo, nia.

Upande unaokuja una alama ambayo huwezi kuikosa: Chumbe, kisiwa kidogo chenye msitu na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904, kusini-magharibi mwa uwanja. Ukiambiwa utoe taarifa ukiwa kwenye alama fulani, toa ukiwa pale hasa, si ukidhani unakaribia. Na kama hulijui jina ulilopewa, mwambie. Wenyeji wa kisiwa wanatumia majina ambayo mgeni hayajui, hakuna aibu. “Not familiar” inatosha, naye atakupa maelekezo ya umbali na upande.

Kaskazi ikivuma na njia ni 36, unakuja karibu moja kwa moja. Kusi likivuma na njia ni 18, utapita ubavuni mwa uwanja kwenda kaskazini, mji uko mbele, ndipo ugeuke kurudi. Mwongoza ndege ataamua mzunguko wa kushoto au kulia. Rudia upande huo kwa uangalifu, maana ukikosea utakutana uso kwa uso na wanaotoka.

Foleni ikiwa ndefu atakuambia “number two, follow the ATR on final”, yaani wewe ni wa pili, ifuate ATR iliyo kwenye mstari wa kutua, au “orbit left”, yaani zunguka mduara mzima kushoto, au “extend downwind”, endelea mbele kabla ya kugeuka. Yote hayo yanawezekana, lakini kila moja lina swali lake. Ya kufuata: umeiona? Ya kuzunguka: una mwendo wa kutosha na kimo salama? Ya kuendelea mbele: mpaka lini? Usipoambiwa lini, uliza, kabla hujawa mbali kiasi kwamba uwanja umekuwa mstari mwembamba.

Nyuma ya ndege kubwa kuna hewa inayozunguka kama kimbunga cha kulala. Kwa ndege ndogo inayotua nyuma ya ndege ya kati au kubwa, muda unaotumika ni dakika tatu. Kwa kuruka nyuma yake ni dakika mbili, na tatu ukianzia katikati ya njia. Lakini elewa hili: ukitua kwa macho, mnara si lazima ukupangie nafasi hiyo. Anaweza kukuambia tu “caution wake turbulence”, na kuanzia hapo nafasi ni kazi yako. Kaa juu ya njia aliyoshukia aliyekutangulia, utue mbele ya alipogusa. Kwenye kuruka, kama kibali kimekuja mapema mno, omba dakika zako mbili. Hujamkwamisha mtu kuliko ungemkwamisha ukipinduka juu ya njia.

Kibali cha kutua kisipokuja na umeshafika karibu, ongeza nguvu, panda, kisha sema “going around”. Kwa mpangilio huo. Ndege kwanza, njia pili, mdomo tatu.

Yakiharibika

Umepotea? Sema mapema, ukiwa bado na mafuta na mwanga. “Uncertain of position” halijamwondolea mtu leseni. Mwenye rada anaweza kukupa namba ya transponda akakuona, asiye nayo atakuuliza unaona nini chini. Mtaje ufukwe, kisiwa, mji, upande wa jua.

Redio ikinyamaza, angalia vitu vidogo kwanza: sauti imepunguzwa, plagi ya hedseti imechomoka, masafa umekosea tarakimu. Rudi kwenye masafa ya mwisho. Ikishindikana weka 7600, endelea kwa macho, tua kwenye uwanja wa karibu unaofaa, huku ukisema nia yako hewani hata kama husikii jibu, huenda wao wanakusikia. Mnarani watatumia taa. Ukiwa angani, kijani isiyokatika ni kibali cha kutua. Nyekundu isiyokatika, pisha wengine uendelee kuzunguka. Kijani ya kumweka, rudi ujiandae kutua. Nyekundu ya kumweka, uwanja si salama, usitue. Ukiwa chini, kijani isiyokatika ni kuruka, kijani ya kumweka ni kutembea kwenye viungio, nyekundu isiyokatika simama, nyekundu ya kumweka ondoka kwenye eneo la kutua, nyeupe ya kumweka rudi ulikoanzia. Mchana unajibu angani kwa kuyumbisha mabawa. Kikaratasi cha rangi hizi kibandike pale ubao wako wa pajani unapofunguka.

Injini ikikatika juu ya mkondo, au moshi ukijaa ndani, ni “Mayday” mara tatu, jina, shida, nia, mahali, kimo, watu wangapi. Ikiwa ni jambo la haraka lisilotishia maisha papo hapo, ni “Pan-pan” mara tatu. Tumia masafa uliyo nayo tayari, na weka 7700 mkono ukiruhusu. Warubani wengi huchelewa kwa kuogopa kuonekana wanakuza mambo. Mafuta yakikutia shaka, sema. Mnara ukijua saa hii unaweza kuwapisha wengine, na boti inaweza kuanza safari.

Baada ya kutua

Toka njiani kabisa, mkia wote nje ya mstari, simama, ndipo uendelee na orodha yako. Ukishafika maegesho hakikisha mpango wako wa safari umefungwa. Penye mnara kwa kawaida wao ndio hupeleka taarifa ya kutua. Ukitua kwenye kiwanja cha majani kisicho na mnara, ni wewe upige simu. Dakika 30 baada ya muda uliosema utafika, bila habari zako, hatua ya kwanza ya kukutafuta inaanza, na kuna watu wataacha kazi zao kwa ajili yako.

Kama kuna jambo lilikwenda kombo hewani, usilibishanie kwenye masafa. Andika saa, masafa na maneno kama unavyoyakumbuka, kisha omba namba ya simu ya mnara uongee na msimamizi wa zamu. Mwite kaka au dada, msalimie kwanza, eleza ulichokisikia wewe, umwache aeleze alichokiona yeye. Mara nyingi utagundua kulikuwa na ndege ya tatu ambayo hukuijua kabisa.

Na siku yenye nafasi, omba ruhusa upande mnarani. Nilipopanda mara ya kwanza nilikaa saa nzima nyuma ya viti vyao. Nikamwona mwongoza ndege akiwa na vipande saba vya karatasi mbele yake, kila kimoja cha ndege moja, simu sikioni, na Cessna moja ikimwita kwa sauti ya chini, iliyokatwa mwanzoni, bila kutaja iko wapi. Alilazimika kuiuliza mara tatu, na macho yake mara zote tatu yalitoka kwenye dirisha kwenda kwenye kioo.

Vipande vile sita vingine navyo vilikuwa vinasubiri zamu yao.